Katoni moja, programu nne: kisa cha kiwanda cha korosho Mtwara

Mwishoni mwa mwaka 2023 kiwanda kimoja cha kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilipokea barua pepe kutoka kwa mnunuzi wake wa Ulaya. Ndani yake mlikuwa na namba ya katoni moja na swali moja: korosho hizi zilitoka wapi? Mnunuzi hakuwa na lalamiko. Lilikuwa zoezi tu, la kupima kama siku ya balaa kiwanda kitaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ghala lililotoa mzigo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inamtaka kila anayefanya biashara ya chakula ajue alichopokea kilitoka kwa nani na alichotoa kilikwenda kwa nani. Kiwango cha usalama wa chakula cha BRCGS, kinachodaiwa na wanunuzi wengi wa huko, kinabana zaidi: ufuatiliaji wote ukamilike ndani ya saa 4. Kiwanda kilijibu kesho yake mchana, na neno "takriban" lilijitokeza mara mbili kwenye jibu lake.

Hapo ndipo nilipoitwa. Kazi yangu ni mifumo ya kompyuta kwa viwanda vidogo na vya kati, ila swali nililowekewa mezani lilikuwa limeshapata jibu kabla sijakaa. Mkurugenzi alitaka programu zote nne za kiwanda ziondolewe, uletwe mfumo mmoja jumuishi unaobeba kila kitu kuanzia getini hadi hesabu za mwisho wa mwaka. Wakala wa mfumo huo kutoka Dar es Salaam alikuwa ameshaleta makadirio ya bei. Mhasibu aliunga mkono kwa mikono miwili. Msimamizi wa ubanguaji alipinga, lakini alizungumza akiwa amesimama mlangoni na aproni yake imelowa mafuta ya maganda, na kwenye vikao vya aina hii anayesimama mlangoni huwa hasikilizwi sana.

Zile programu nne

Getini kulikuwa na programu ya mizani ya magari. Lori linapimwa likiingia limejaa, linapimwa likitoka tupu, tiketi inatoka, basi. Chumba cha ubanguaji kilikuwa na programu ya malipo iliyoandikwa na kijana mmoja wa hapa hapa mjini: mbanguaji anaweka ndoo yake juu ya mizani, anataja namba yake, uzito unasomwa moja kwa moja kupitia waya, kikaratasi kinatoka. Mwisho wa wiki programu hiyo hiyo inakokotoa ujira, NSSF, kodi ya mshahara na makato mengine ya kisheria. Chumba cha madaraja kilitegemea jedwali la Excel lililorefuka kila msimu. Ofisi ya hesabu ilikuwa na programu ya uhasibu ya kawaida, ile ya kununua na kuanza kutumia.

Nilizikagua zote, na kila moja ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi watu wa mifumo tuna tabia mbaya ya kukuta programu ndogo na kuiita takataka kabla hata ya kuifungua. Ile ya malipo ilikuwa kwenye laptopu chakavu isiyo na intaneti, na bado foleni ya wabanguaji ilisogea bila kukwama. Mwaka 2023 SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na mwajiri, iliposhuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5, yule kijana alikuja na flashi mfukoni, akabadilisha, akanywa chai, akaondoka. Jaribu kumpata wakala wa mfumo mkubwa kwa kazi kama hiyo, tena mwezi Julai, wakati wateja wake wote wanataka kitu hicho hicho.

Tatizo lilikuwa katikati yao. Mizani ya getini ilijua lori. Excel ilijua tarehe na daraja. Programu ya malipo ilimjua mbanguaji. Uhasibu uliijua ankara. Hapakuwa na namba hata moja iliyoonekana kwenye programu mbili. Programu hazikusomana, na aliyekuwa akizisomanisha ni karani mmoja wa takwimu, dada ambaye kila jioni alinakili kutoka skrini hii kwenda kwenye kaunta buku, na kutoka kaunta buku kwenda kwenye skrini ile. Barua ya mnunuzi ilipofika, dada huyo alikuwa likizo ya uzazi. Kaunta buku zake zilikuwepo, nadhifu, zimepigwa mistari kwa rula, lakini vifupisho alivijua mwenyewe. Wakampigia simu nyumbani Mikindani. Akajibu alichokumbuka huku mtoto akilia, na pale asipokumbuka akakisia. Zile "takriban" mbili zilizaliwa hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga; hapa daftari lilikuwepo, ila habari yenyewe ilikuwa Mikindani.

Kwa hiyo gharama ya programu nne haikuwa leseni. Ilikuwa kuandika jambo lile lile mara tatu, na kuwa na mtu mmoja ambaye asipokuwepo kiwanda kinapoteza kumbukumbu. Katika hilo mkurugenzi alikuwa na haki ya kukasirika.

Korosho inavyotembea

Msomaji ambaye hajawahi kuingia kiwandani anivumilie kidogo, maana bila kuijua safari ya korosho hoja zinazofuata zitaelea.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS huupeleka ghala kuu, kisha chama kikuu, kiwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, huuza mnadani. Kiwanda kikinunua huko hakinunui korosho za mkulima fulani. Kinanunua loti yenye ghala lake, daraja lake na uzito wake. Loti ikifika inapimwa kwa kukata sampuli. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi, unazipasua, unapima kwa gramu zilizo nzuri, zenye madoa unazihesabu nusu uzito, jumla unaizidisha kwa 0.17637, na unachopata ni paundi za korosho kwenye gunia la kilo 80. Loti ya paundi 48 maana yake gunia litatoa kama kilo 21.8, yaani asilimia 27 hivi, tena ikiwa bado na ngozi yake ya ndani. Namba hiyo ndiyo roho ya biashara: ndiyo inayokuambia kama bei uliyotoa mnadani itarudi.

Baada ya hapo korosho zinapangwa kwa ukubwa, zinachemshwa kwa mvuke, zinapozwa, zinabanguliwa, zinakaushwa tanurini, zinarudishiwa unyevu kidogo zisivunjike, zinamenywa, zinachambuliwa madaraja, na kufungwa kwenye mifuko isiyo na hewa ya paundi 50, yaani kilo 22.68. Daraja la W320 ni korosho nzima ambazo paundi moja hubeba kati ya 300 na 320. W240 ni kubwa zaidi, W450 ni ndogo. Zikitoka hizo kuna zilizobabuka, kuna nusu, kuna vipande vikubwa na vidogo, na kila kundi lina bei yake.

Jaribio la Mei 2024

Jaribio la mfumo jumuishi lilipangwa Aprili na Mei 2024, wakati minada imekwisha na kiwanda kinabangua akiba ya ghalani. Tarehe ilichaguliwa kwa busara, na nashukuru, kwa sababu mambo yaliyofuata yangetokea Novemba kiwanda kingelia.

Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya na mvua zake. Barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika kule Somanga, wilayani Kilwa, na gari lililobeba seva na printa za lebo likabaki upande wa pili wa maji. Wakala akasema hakuna shida, tuanze na seva ya mtandaoni, vifaa vitafika. Tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na nchi nzima ikawa inaokoteza intaneti. Skrini ya kupokea mzigo ikazunguka, ya kutoa mzigo ghalani ikazunguka, ya kupima ndoo ikazunguka. Ikabidi laptopu chakavu itolewe kabatini na wabanguaji walipwe kwa njia ya zamani.

Mkurugenzi aliniuliza kama kila mwaka itakuwa hivi. Nikamwambia hapana, hayo ni matukio mawili ya nadra yaliyogongana. Jambo lililonishughulisha mimi lilikuwa namna kiwanda kilivyosimama. Zile programu nne zikipata ugonjwa, inaugua moja na tatu zinaendelea. Huu mfumo ulizimika madirisha yote kwa mpigo, pamoja na yale ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kuhitaji intaneti. Mtu anayepima ndoo ya kilo nane Mtwara hahitaji ruhusa kutoka seva iliyoko bara jingine.

Intaneti iliporudi ndipo tukaanza kuona mambo mazito zaidi.

La kwanza ni foleni. Kwenye programu ya zamani mbanguaji hutaja namba na kuondoka. Kwenye mfumo mpya mpimaji alitakiwa achague jina, achague bidhaa, achague kituo, ahifadhi, asubiri. Si kwamba mfumo ulikuwa mbovu. Uliandikwa ili uweze kupima chochote mahali popote, na mtu anayepima kitu kile kile siku nzima analipia uhuru asiouhitaji. Foleni ikafika mlango wa ghala. Wabanguaji wanalipwa kwa kilo, hivyo kila dakika ya kusimama ni kilo ambayo haikubanguliwa. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako inakula ujira wetu," mama mmoja aliniambia, na mimi wala sikuwa nimeileta.

La pili ni unyevu, na hapa nataka kutulia kidogo, kwa kuwa ndipo mifumo ya jumla inapowaumiza wenye viwanda vya mazao. Tuseme kilo 100 za korosho zilizobanguliwa zinaingia tanurini zikiwa na unyevu wa asilimia 9. Ndani yake kuna kilo 91 za korosho kavu na kilo 9 za maji. Zikitoka na unyevu wa asilimia 3, uzito wote unakuwa kilo 93.8. Zikirudishiwa unyevu hadi asilimia 5, unapanda tena mpaka 95.8. Hakuna aliyeiba wala aliyeongeza. Ni maji yaliyotoka na kurudi. Mfumo haukujua hilo. Uliona 100 zimeingia na 93.8 zimetoka, ukaandika upotevu kwa wino mwekundu, na ripoti ikaenda moja kwa moja kwenye simu ya mkurugenzi. Kabla ya wiki kuisha walinzi walikuwa wanapekua mikoba ya akina mama getini. Hatua iliyofuata, ile ya kurudisha unyevu, mfumo ukaonyesha faida ya uzito iliyotokea hewani, na hiyo haikumshtua mtu.

Dawa yake ni rahisi: kila kituo kinachopima uzito kipime na unyevu, na hesabu ya upotevu ifanywe kwa uzito mkavu. Mfumo jumuishi uliweza kufundishwa hivyo, kwa malipo ya ziada. Mikoba iliendelea kupekuliwa mpaka nilipochora hesabu hii ubaoni mbele ya uongozi.

La tatu lilikuwa la mhasibu. Mfumo ule, kama mingi ya aina yake, umejengwa kwa mawazo ya kiwanda cha kuunganisha vitu: mbao moja, miguu minne, skrubu kadhaa, meza moja. Vingi vinaingia, kimoja kinatoka. Korosho inakwenda kinyume chake. Kinaingia kitu kimoja, zinatoka bidhaa kumi na kitu, na huwezi kuagiza W240 peke yake kutoka kwenye gunia. Mifumo kama Odoo na ERPNext inayo nafasi ya kuandika mazao ya pembeni, lakini haiwezi kukuamulia gharama ya gunia igawanywe vipi kati yao. Wakala aliigawa kwa uzito, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Matokeo yake, kilo ya vipande vidogo ilibebeshwa gharama sawa na kilo ya W240, ripoti ikaonyesha vipande vinaleta hasara kubwa, na mtu mmoja kwenye kikao akapendekeza kwa dhati kabisa tuache kuuza vipande. Tungevipeleka wapi? Gharama ilipogawanywa kwa thamani ya mauzo ya kila daraja, hasara ile ikayeyuka na W240 ikashuka kutoka kwenye utukufu wake wa uongo.

Naomba ieleweke kuwa katika jambo hili la tatu programu za zamani zilikuwa mbaya zaidi. Excel ya chumba cha madaraja haikujua gharama kabisa, na programu ya uhasibu haikujua daraja. Ni mfumo jumuishi uliotulazimisha kuuliza swali ambalo kiwanda kilipaswa kuliuliza miaka mingi nyuma.

Tanuri

Wakati huo wote swali la katoni lilikuwa bado halijajibiwa. Nikaamua kuifuata loti moja kwa miguu, kutoka ghalani mpaka kwenye katoni, nikiwa na karatasi na kalamu. Ilikwenda vizuri mpaka tanurini, zamu ya usiku.

Msimamizi wa zamu ni mama mtu mzima aliyeanza kubangua kwa mkono kabla mashine hazijaletwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kupakia trei kwenye toroli. Trei za juu zilikuwa za loti niliyoifuata. Za chini zilikuwa za loti nyingine.

"Mama, hizi mbili zinakaaje toroli moja?"

"Tanuri halisubiri loti, mwanangu. Nikiliwasha nusu tupu, asubuhi naulizwa maganda ya boila yamekwenda wapi."

Ni kweli. Maganda ndiyo kuni za boila, na ameagizwa ayabane. Alama ya loti ilikuwa imeandikwa kwa chaki ubavuni mwa kila trei. Nikasubiri toroli litoke. Chaki ilikuwa imepukutika kwa joto na kusuguana, na trei zikamwagwa meza moja kwa ajili ya kumenywa.

Pale pale kesi iliisha, kwa upande wangu. Tangu tanurini kwenda mbele, namba yoyote ya loti iliyoandikwa kwenye kompyuta ilikuwa ya kubuni. Excel ilikuwa ikibuni kwa kufuata tarehe. Mfumo jumuishi ungebuni vilevile, tofauti ni kwamba ungebuni kwa grafu za rangi na msimbo wa mistari juu ya katoni. Kikao kizima cha programu nne dhidi ya mfumo mmoja kilikuwa kinabishana juu ya kitu kilichopotea kabla hakijafika kwenye skrini yoyote.

Fundi wa karakana alikata mabaki ya bati, akagonga namba kwa nyundo na patasi, akatoboa tundu la waya. Kila toroli likapata kibati chake kinachoingia tanurini na kutoka nacho. Kanuni ikawa toroli moja loti moja. Mabaki ya loti mbili yakibidi kuchanganywa, na yatabidi, mchanganyiko unapewa namba mpya na kwenye fomu zinaandikwa namba za wazazi wake. Mkaguzi hana ugomvi na kuchanganya. Anachotaka ni kujua kilichochanganywa. Kuhusu maganda, nilimwomba meneja wa uzalishaji aache kumhesabia yule mama toroli pungufu kama kosa. Alikubali kwa shingo upande.

Tulichoamua

Loti sasa ilikuwa na namba isiyoungua, ndipo swali la programu likawa na maana, na likawa jepesi kuliko lilivyoonekana. Kwa kila kazi niliuliza mambo mawili: ikisimama saa moja, nani anaumia? Na namba inayozaliwa hapo, nani mwingine anaihitaji?

Kupima ndoo kukisimama, chumba kizima cha wabanguaji kinaumia papo hapo, na anayehitaji namba zake kabla ya mwisho wa zamu hayupo. Hiyo ibaki na chombo chake maalumu, kwenye laptopu isiyojua intaneti. Mizani ya getini nayo ibaki, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo na programu iliyokuja nayo, ila iongezwe sehemu ya kuandika namba ya loti. Akiba ya ghalani, madaraja, gharama na mauzo ni habari nyingine. Vikisimama saa moja hakuna anayekufa, lakini kila mtu anahitaji namba za mwenzake, na kuziweka kwenye programu mbili ndiko kulikomfanya karani anakili mpaka usiku. Hizo ziende kwenye mfumo jumuishi. Excel ya madaraja ikaagwa, programu ya uhasibu ikaagwa.

Seva ikawekwa ndani ya kiwanda, na nakala inapandishwa mtandaoni usiku. Wakala hakuipenda, kwani kifurushi chake cha mtandaoni kilikuwa na malipo ya kila mwezi.

Kiungo kati ya vyombo hivi ni faili moja la maandishi kila mwisho wa zamu: namba ya loti, kituo, uzito, unyevu, saa. Jumla ya faili isipolingana na jumla iliyochapishwa kwenye kituo, mfumo unalikataa. Kuna waliotaka viunganishwe moja kwa moja, kila ndoo ionekane ofisini sekunde ile ile. Nilikataa. Faili mhasibu anaweza kulifungua akalisoma kwa macho yake. Kiunganishi cha papo hapo kikikosea, hajui aanzie wapi, na mimi nitakuwa Masasi kwa mteja mwingine.

Mkataba ulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tulisisitiza data zote ziweze kutolewa na mwenye kiwanda bila kumwomba mtu, mabadiliko ya viwango vya kisheria yawe ndani ya ada, na lisiwashwe jambo lolote jipya kati ya Oktoba na Februari. Sharti hili la mwisho wakala aliliona la ajabu, nikamkumbusha Hershey. Mwaka 1999 kampuni hiyo ya chokoleti ya Marekani iliwasha mifumo mipya mitatu kwa pamoja, SAP, Siebel na Manugistics, Julai, wakati oda za Halloween, sikukuu yao ya peremende ya mwisho wa Oktoba, zinaanza kumiminika. Peremende zilikuwa ghalani, lakini oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikufika madukani. Wao walikuwa na Halloween. Sisi tuna mnada wa Oktoba.

Na huku kusini tuna kumbukumbu yetu ya kununua kila kitu kwa mkupuo. Nchi ilijengewa viwanda 12 vya korosho, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, hasa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mitambo ya Italia na Japani. Sababu kubwa ya kufa kwake ilikuwa korosho zenyewe kupungua, kutoka kilele cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, na mitambo iliyobuniwa kwa mzigo mkubwa ikakosa cha kubangua. Majengo mengi yakaishia kuwa maghala. Sidai kwamba programu ni sawa na mitambo ile. Nasema mzee yeyote wa Mtwara ukimwambia "mfumo mmoja utafanya kila kitu" atakutazama kwa namna fulani, na ana sababu.

Ilivyo sasa

Zoezi la katoni lilirudiwa Septemba 2024, kabla ya msimu. Alilifanya karani mwingine kabisa, akalimaliza kabla ya chakula cha mchana, bila "takriban". Oktoba minada ya korosho ilipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, namba ya loti ya mnadani iliingizwa getini siku ya kwanza na ikafuata mzigo. Dada wa takwimu amerudi kazini. Sasa anakagua faili zilizokataliwa, na kaunta buku zake zipo kabatini kwa ajili ya siku umeme utakapokatika.

Yaliyobaki ni mawili. Kiwanda kinataka mashine ya kuchambua korosho kwa rangi, na muuzaji anakuja na programu yake iliyofungwa ambayo namba zake huonekana kwenye skrini ya mashine tu. Nimewaambia wasisaini mpaka aonyeshe inavyotoa faili. La pili ni yule kijana wa programu ya malipo. Tumeamua kuishi naye, lakini msimbo wa programu upo kwenye kompyuta yake peke yake, na kiwanda kikitegemea kichwa cha mtu mmoja kitarudi kule kule kwa kaunta buku za Mikindani. Tumemwomba aweke nakala kiwandani pamoja na maelezo ya kuirekebisha. Anasema hiyo ni jasho lake na ina bei. Kiwanda kimetaja yake, naye ametaja yake, na tofauti iliyopo kati yao ni ndogo kuliko leseni ya mwaka mmoja ya ule mfumo mkubwa. Nimewashauri wamlipe.